Kutoka ufukwe wa Tanga hadi Ziwa Victoria: nikimbie wapi bila kuumiza muundi?

«Nimekulia Tanga, ambako nilizoea kukimbia ufukweni alfajiri bahari ikiwa imekupwa. Tangu nihamie Entebbe kikazi mwaka jana nimeendeleza desturi hiyo kando ya Ziwa Victoria: kilomita sita hivi, mara nne kwa wiki. Hutoka nyumbani nikaenda na ziwa likiwa mkono wangu wa kushoto, nikichoka narudi kwa bodaboda. Wikendi nyingine huwa Jinja kwa wakwe zangu, na huko hukimbia kando ya Mto Nile. Nimechagua mchanga kwa sababu ni laini, na nikimaliza hutembea majini hadi magotini ili kupoza miguu. Kwa miezi miwili sasa muundi wangu wa kulia unauma upande wa ndani. Je, ni viatu? Ni mwinuko wa Uganda? Shemeji yangu ananiambia niogope mamba kuliko maumivu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na sitaki kuliacha ziwa. Nikimbie wapi?»

Dada yangu, ninavyolisoma swali lako, hofu yako kubwa ni kwamba mtaalamu wa fiziotherapia atakuambia uachane na ziwa na kukimbia mahali pasipopendeza. Sitakuambia hivyo. Ninachotaka ubadilishe ni ardhi unayoikanyaga na saa unayotoka, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayoamua kama mwezi ujao utakuwa bado unakimbia. Hata hivyo kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, ambayo kwangu ni mazito kuliko viatu na mwinuko: unakimbia upande mmoja tu bila kurudi, na unaingia majini hadi magotini.

Tuanze na tofauti ya bahari na ziwa, maana ndiko tatizo lilikozaliwa. Tanga bahari hupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa, maji hurudi nyuma sana yakaacha uwanja mpana wa mchanga ulioloa, ulioshikana na ulio karibu tambarare; mtu akikimbia hapo anakimbia juu ya ardhi nzuri kweli. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa takriban kilomita za mraba 68,800, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Kina chake hupanda na kushuka kwa miezi na miaka, kulingana na mvua, ambayo sehemu kubwa huanguka moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na kulingana na maji yanayoachiwa kwenye mabwawa ya Jinja. Mwaka 2020 lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na fukwe nyingi za Entebbe zikamezwa. Kwa hiyo mchanga mgumu unaoupata hapa ni ule tu unaolowanishwa na mawimbi, ukanda mwembamba ulioinama kuelekea majini, na juu yake kuna mchanga mkavu unaotitia. Desturi iliyokufaa Tanga umeileta mahali ambapo ardhi yenyewe ni nyingine.

Sasa, kuhusu ulaini. Watu wengi huamini kwamba kilicho laini hakiumizi. Ni kweli kwamba mchanga hupunguza kishindo cha mguu unapotua, lakini huidai misuli gharama ya namna nyingine: kukimbia kwenye mchanga mkavu hutumia nguvu takriban mara 1.6 ya zile zinazotumika kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kisigino huzama, unyayo hukosa mahali pa kujisukumia, na misuli ya shavu la mguu pamoja na ile midogo inayoshikilia upinde wa unyayo hulazimika kufanya kazi ya ziada katika kila hatua. Misuli hiyo imejishikiza, moja kwa moja au kwa utando unaoifunika, kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, pale pale unapoonyesha kwamba panauma.

Mwinamo nao unaongeza mzigo. Ziwa likiwa mkono wa kushoto, mguu wako wa kulia hukanyaga upande wa juu wa mteremko, na unyayo ulio upande wa juu hulazimika kulalia ndani ili uishike ardhi; kadiri unavyolalia ndani ndivyo unavyouvuta ukingo wa ndani wa muundi. Kama ungerudi kwa njia ileile miguu ingebadilishana mzigo, lakini wewe unarudi kwa bodaboda, kwa hiyo ni mguu wa kulia peke yake unaolipa, kilomita sita kila safari. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho chanzo bila kukuona ukitembea mbele yangu, ila maelezo yako yanalingana nacho kwa karibu sana.

Ndani ya mfupa kuna jambo ambalo wakimbiaji wachache hulijua. Mfupa ni kiungo kilicho hai, na unapobebeshwa mzigo mpya huanza kwa kubomoa sehemu zilizochoka kabla ya kujenga mpya. Ubomoaji huenda haraka, ujenzi huchukua miezi, na katikati hapo kuna majuma kadhaa ambayo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mkimbiaji akiendelea kuongeza mzigo katika kipindi hicho, maumivu ya kawaida ya muundi yanaweza kugeuka kuwa ufa mdogo wa mfupa. Ndiyo maana sipendi ushauri wa «vumilia tu, utazoea». Misuli na moyo huzoea mapema, mfupa huchelewa.

Viatu? Kama soli imeliwa upande mmoja au imekuwa ngumu, vibadilishe, lakini usitarajie kiatu kitengeneze kilichoharibiwa na mteremko. Kuhusu mwinuko, uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni asilimia 87 hivi ya ule wa Tanga. Huenda ulihema zaidi majuma ya kwanza, lakini hilo haliumizi muundi. Ninachokishuku zaidi ni hali ya hewa kwa upande wake mwingine: asubuhi za Entebbe ni za baridi kuliko za pwani, na mtu aliyetoka kwenye joto na unyevu wa Tanga hujikuta anakwenda kasi zaidi bila kujua, kwa sababu mwili hauchemki upesi.

Kabla ya kuendelea, jipime. Kaa kitini, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, kisha pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia juu kidogo ya kifundo ukipanda kuelekea gotini, ukibonyeza kila upana wa kidole. Ukikuta uchungu umetandaa kwa urefu wa sentimita tano au zaidi, na maumivu hupungua baada ya kupasha mwili moto, hilo huwa ni lile tatizo la kawaida la wakimbiaji, nalo hupona vizuri kwa kupunguza mzigo. Ukikuta nukta moja inayoweza kufunikwa na ncha ya kidole, inayokufanya ushtuke ukiibonyeza, au maumivu yanayokuamsha usiku, au kushindwa kuruka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia siku hiyohiyo na uende hospitali. Hospitali za rufaa za Entebbe na Jinja ni mahali pazuri pa kuanzia; ulizia fiziotherapia. Fahamu kwamba eksirei inaweza kutoka safi katika majuma mawili au matatu ya kwanza ilhali ufa upo, kwa hiyo picha safi isikupe ruhusa ya kurudi mbioni kama maumivu bado ni yaleyale. Mwombe daktari arudie au akuelekeze kwenye kipimo cha MRI. Maumivu ya nukta moja mbele ya mfupa, badala ya ukingo wa ndani, yanahitaji haraka zaidi, kwa sababu ufa wa sehemu hiyo hupona kwa shida. Shavu la mguu likivimba, likapata joto na kuuma hata ukiwa umekaa, usingoje kesho.

Nikuulize pia swali ambalo wanawake wengi hawaulizwi: je, hedhi yako inakuja kama kawaida? Mama anayeamka alfajiri kukimbia, akaandaa watoto, akaenda kazini na kula kidogo mchana kwa sababu ya haraka, anaweza kuupa mwili chakula pungufu kuliko unavyohitaji bila kukusudia. Mwili ukikosa nishati ya kutosha hedhi huvurugika na mifupa hudhoofika, na hapo hakuna njia ya mbio itakayosaidia kabla chakula hakijarekebishwa. Kama hedhi imekosekana kwa miezi mitatu na huna mimba, mweleze daktari jambo hilo pamoja na muundi. Usilitenganishe.

Sasa maji. Dada yangu, acha kutembea ziwani. Kichocho kinaenezwa na viluwiluwi vidogo vya minyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Maji ya kimo cha goti, yaliyotulia na yenye majani, ndiyo makazi ya konokono hao hasa, na hakuna ufukwe wa Ziwa Victoria unaoweza kuutazama ukajua kwa macho kwamba uko salama. Watu wa pwani hukijua kichocho kwa damu kwenye mkojo. Aina inayosumbua kandokando ya ziwa hili hushambulia utumbo na ini, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nayo miaka akilalamikia tumbo na uchovu tu. Kwa kuwa umeingia majini kwa muda mrefu, nenda ukapime choo, na umwambie mhudumu wazi kwamba umekuwa ukiingia ziwani. Dawa yake, praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mwili na hufanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga. Ndiyo maana hushauriwa kupimwa tena miezi miwili hivi baada ya mara ya mwisho kugusa maji. Kama unapenda kupoza miguu, beseni la maji ya bomba nyumbani linatosha.

Shemeji yako hajakosea kabisa. Mamba wapo ziwani na mtoni, nao huvizia ukingoni, kwa hiyo ukiacha kuingia majini umeshaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Mimi ningemwogopa zaidi kiboko, hasa Jinja, kwa sababu hutoka majini usiku kwenda kula nyasi na hurudi kabla ya mapambazuko, saa ileile ambayo mkimbiaji hupenda kutoka. Anayesimama kati yake na maji humfanya ajione amefungiwa njia. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima. Toka kukiwa kumepambazuka kabisa, wala si kabla, na kwa mwanamke anayekimbia peke yake sababu za kufanya hivyo ni zaidi ya kiboko.

Kuna radi pia, na hii nasisitiza kwa sababu watu huidharau. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba hujengeka juu ya ziwa usiku kucha. Entebbe mara nyingi hupata mvua yake asubuhi kutokana na dhoruba hizo, hasa kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, ondoka ufukweni uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa, usijikinge chini ya mti, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Yale mawingu ya wadudu wa ziwa yanayosimama juu ya maji kama moshi hayaumi. Funga mdomo, vaa miwani, na kama una pumu geuza njia siku hiyo.

Tufike ulikokuwa ukinisubiri: njia. Nikueleze ukweli kwamba hakuna Entebbe njia moja inayofuata ufukwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria na mita 100 kando ya Nile, lakini zimewekwa kulinda maji na viumbe vyake, hazimpi mkimbiaji njia, na kwa hali ilivyo ufukwe umekatwakatwa na hoteli, mialo ya wavuvi, viwanja vya watu na maeneo ya usalama. Anayetaka kulifaidi ziwa hukimbia juu yake, kwenye kingo za vilima, akishuka hapa na pale.

Kwa muundi wako ningeanza na Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Ina kiingilio, na utaulizia lango hufunguliwa saa ngapi, lakini ndani yake kuna kile ninachokutafutia: vijia vya udongo ulioshikana na nyasi fupi, kivuli cha miti mikubwa, mteremko mpole unaoshuka hadi karibu na maji, na nafasi ya kuzunguka mara moja kwa upande huu na mara nyingine kwa upande ule, ili miguu yote miwili igawane mwinamo. Kima weusi kwa weupe wanaoitwa mbega huwa juu ya miti na hawana shida na mtu. Tumbili wadogo watakufuata ukishika ndizi, kwa hiyo usishike. Kama ningeruhusiwa kukuchagulia mahali pamoja tu kwa miezi miwili ijayo, ningechagua hapa.

Muundi ukitulia, ongeza mitaa ya zamani ya kilimani, upande wa Nsamizi, na Lugard Avenue inayopita karibu na kituo cha elimu ya wanyamapori. Ni lami, ndiyo, lakini lami tambarare yenye magari machache asubuhi ni bora kwa mguu wako kuliko mchanga ulioinama. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni, basi pale penye usalama kimbia sehemu iliyo sawa, ukiyatazama magari na bodaboda zinazokuja, na urudi kwa njia uliyoendea. Upande wa Nakiwogo, inakoondokea feri ya Kalangala, mandhari ni mazuri sana lakini pikipiki na mizigo ni mingi, nenda Jumapili. Kigungu, walikotua wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1879, ni safari nzuri ya siku ambayo mguu una nguvu. Huko uko jirani na uwanja wa ndege, na mjini uko jirani na Ikulu, kwa hiyo beba kitambulisho, usipige picha, na askari akikuambia geuka, geuka.

Jinja ni rahisi zaidi kwa miguu yako, kwa sababu mji wenyewe umepangwa kwa mitaa mipana iliyonyooka juu ya ardhi isiyo na vilima vikali. Ningependekeza Nile Crescent na mitaa iliyo karibu na uwanja wa gofu, ambako mto uko chini yako na unauona kati ya miti, kisha uteremke kwa kutembea hadi bustani za Chanzo cha Nile. Usitafute maporomoko ya Ripon ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliyaona mwaka 1862. Yalizamishwa lilipojengwa bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954. Bwawa hilo na daraja jipya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018 si mahali pa mazoezi: ndiko yanakopita malori ya kutoka Mombasa, na ulinzi ni mkali. Njia za udongo za vijijini upande wa Budondo, kuelekea Bujagali, ni bora kuliko zote mvua isiponyesha, nazo zinafanana na zile ambazo wakimbiaji wa Sebei, mashariki mwa Uganda, kama Joshua Cheptegei wamekulia: udongo mgumu kiasi, unaobadilika kidogo kila hatua. Ikinyesha udongo huo huteleza kama sabuni, na siku hiyo ubaki mjini. Nenda na mmoja wa mashemeji. Wenyeji wanajua kiboko ameonekana wapi juma hili.

Kuhusu kiasi, majuma mawili ya kwanza usikimbie kabisa mchangani. Tembea kwa haraka dakika thelathini siku za kupishana, na ukiona unatembea bila maumivu, anza kuchanganya dakika moja ya kukimbia na dakika mbili za kutembea ndani ya Bustani, kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza bila kuhema. Ongeza kidogo kila juma, na kigezo chako kiwe asubuhi inayofuata: ukiamka muundi ukiuma kuliko jana, rudi hatua moja. Mara tatu kwa juma simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, uinue kisigino polepole na ukishushe polepole zaidi, hadi misuli ya shavu la mguu ichoke, kwa sababu misuli hiyo ikiwa na nguvu huupunguzia mfupa mzigo. Muundi wa aina ya kawaida huhitaji majuma sita hadi kumi na mawili. Kama baada ya majuma sita hakuna nafuu yoyote, mtafute mtaalamu akuone ukikimbia kwa macho yake.

Mchanga unaweza kurudi baadaye, dakika kumi mwishoni mwa mbio fupi, kwenda na kurudi, bila kuingia majini. Mbio za bamvua ziweke kwa likizo utakaporudi Tanga.